Umri wa Ndege Mdogo ni Ushahidi Tusioujali

Mtu akitaka kujua umri wa mwenzake humwuliza. Akilitilia shaka jibu, hutaka kuona kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Wazee wetu wa Ukambani, waliozaliwa kabla ya vyeti kuenea, walihesabiwa miaka kwa njaa na mvua, kwa nzige na kwa vita: fulani alizaliwa mwaka wa njaa ile, na mdogo wake akafuata mvua ziliporejea. Ndege mdogo aimbaye juu ya mgunga hana cheti, wala hana bibi wa kumsimulia. Hata hivyo umri wake umeandikwa mwilini mwake, na ajuaye kusoma huusoma. Nia yangu leo ni kueleza jinsi usomaji huo ufanywavyo, na kwa nini walimu na wanafunzi wa Kitui na Makueni wana sababu ya kuujua kuliko watu wengine wengi.

Najua yupo atakayeguna. Atasema kwamba katika nchi ambayo mvua ikikosa mara mbili mfululizo watu hukosa chakula, kuuliza umri wa ndege ni mchezo wa walioshiba. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini namwomba msomaji mwenye mawazo hayo anivumilie mpaka mwisho, kwani nitaonyesha kwamba ukame anaoulilia mkulima wa Mutomo au wa Kathonzweni ndio huo huo unaoandikwa katika manyoya ya ndege. Na kwamba asiyejua umri wa ndege hawezi kujua ni nani anayewaua.

Kazi hii, walimu wapendwa, ilianzishwa na mwenzenu. Mwaka 1899, katika mji wa Viborg nchini Denmark, mwalimu wa shule aliyeitwa Hans Christian Mortensen aliwavisha kwezi 165 pete nyepesi za alumini. Juu ya kila pete aliandika namba na anwani, kisha akawaachilia. Pete ile haikuwa pambo, ilikuwa jina. Tangu siku hiyo ndege mmoja aliweza kutofautishwa na maelfu waliofanana naye, na mtu aliyemwokota mbali aliweza kupeleka habari zake alikotoka. Kabla ya hapo, watu walijua kwamba ndege huondoka na kurudi. Hawakuweza kuthibitisha kwamba aliyerudi ndiye aliyeondoka.

Katika Afrika Mashariki kazi hii imesimamiwa tangu miaka ya 1960 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909, ambacho leo hujulikana kwa jina la Nature Kenya. Na mahali palipoipa Kenya sifa duniani katika elimu ya kuwavisha ndege pete si mbali na kwetu. Msafiri akishuka Mtito Andei, mji wa Makueni ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa, na akiingia Mbuga ya Tsavo Magharibi kwa lango lililoko hapo, mwendo usiofika kilomita mia moja utamfikisha kwenye vilima vya Ngulia. Huko, ukingoni mwa mteremko mkali, ilijengwa hoteli ya watalii, na taa zenye nguvu zikawekwa ili wageni wapate kuwaona wanyama wanaokuja kunywa maji usiku.

Taa zile zilivuta wageni wasiotarajiwa. Katika miezi ya Novemba na Desemba ukungu hukishukia kilima usiku, na ikiwa mwezi haupo, maelfu ya ndege wadogo wanaosafiri gizani kutoka kaskazini hupotewa na njia. Huona mwanga, huuzunguka, kisha hushuka vichakani. Watafiti, wakiongozwa na wataalamu kama David Pearson na Graeme Backhurst, walianza kuwanasa hapo kwa nyavu nyembamba zisizoumiza mwaka 1969. Kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya nusu karne, na ndege waliovishwa pete wamepita 300,000. Habari za pete za Ngulia zimepatikana hata Urusi na Saudi Arabia.

Ndege watatu hutia fora katika nyavu hizo. Wa kwanza ni Acrocephalus palustris, ndege wa rangi ya udongo uliofifia, ambaye kwa kawaida uzito wake haufiki gramu 15. Wa pili ni Luscinia luscinia, mwimbaji hodari wa usiku katika misitu ya Ulaya mashariki. Wa tatu ni ndege mwenye koo jeupe, ambaye vitabu vingi humwita Sylvia communis. Wote huzaliwa kaskazini, na wote huikimbia baridi kuja Afrika. Mvua za vuli zinapoamsha majani na wadudu katika nyika ya mashariki mwa Kenya, Kitui na Makueni zikiwemo, ndipo wafikapo. Wengine hupita tu wakielekea kusini mwa bara; wengine hukaa nasi vichakani.

Sasa tuje kwenye umri. Ndege akiisha kutolewa wavuni hutiwa katika mfuko wa kitambaa ili atulie. Mtafiti humshika mgongo ukiwa kiganjani, shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kumkaba. Humvisha pete kwa koleo maalumu, hupima ubawa, humweka kwenye mizani, na baada ya hapo humsoma umri. Asomapo hutafuta mambo manne hasa.

La kwanza ni fuvu. Mtafiti huyalowesha manyoya ya utosini kidogo, huyagawa, na hutazama kupitia ngozi, ambayo kwa ndege wadogo ni nyembamba mno. Fuvu la kinda lina tabaka moja la mfupa, nalo huonekana kuwa na wekundu hafifu ulio sawa kote. Kadiri miezi ipitavyo, tabaka la pili hukua chini ya lile la kwanza, na vijiguzo vidogo vya mfupa huyaunganisha. Hapo fuvu huonekana jeupe, lenye nukta ndogo nyingi. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ukiwa bado unaonekana, ndege ni mchanga.

La pili ni hali ya manyoya. Manyoya hayaponi yenyewe kama ngozi. Yakichakaa hubaki yamechakaa mpaka yang'oke na mengine yaote. Acrocephalus palustris mzima hubadilisha manyoya yake ya kurukia akiisha kufika kusini mwa Afrika. Kwa hiyo apitapo kwetu Novemba amevaa nguo kuukuu, ilhali kinda wa mwaka huo amevaa aliyoota nayo kiotani, ambayo bado ni mapya kiasi. Lakini kanuni ya ndege mmoja haimfai mwingine. Luscinia luscinia mzima hubadilisha manyoya yote huko huko kaskazini kabla ya safari, hivyo mkubwa na mdogo hutufikia wakiwa nadhifu. Kwa huyo hutazamwa manyoya mafupi yanayofunika ubawa: mchanga bado ana machache yenye ncha zilizopauka, masalio ya vazi la utotoni.

La tatu ni mkia. Kwa ndege wengi wadogo, manyoya ya mkia ya kinda yana ncha zilizochongoka, na ya mzima yana ncha za mviringo. Tena kuna mistari ya njaa. Manyoya yote ya mkia wa kinda huota kwa wakati mmoja akiwa kiotani. Siku wazazi wanapokosa chakula, unyoya unaoota siku hiyo hupata mstari dhaifu, na kwa kuwa yote yanaota pamoja, mstari huo huupitia mkia mzima kwa usawa mmoja, kana kwamba umechorwa kwa rula. Mzima huotesha manyoya yake kwa zamu, na mistari yake, kama ipo, haiambatani. Watoto wa nchi yenye ukame hawahitaji kuelezwa zaidi maana ya siku ya njaa kuacha alama mwilini.

La nne ni kinywa na macho. Katika jamii ya Acrocephalus, kinda huwa na madoa mawili meusi juu ya ulimi ambayo hufifia kadiri akuavyo, na mboni yake ina rangi ya kijivujivu, ilhali ya mzima ni ya kahawia iliyokolea. Hata kweleakwelea, adui wa mtama wetu, husomeka hivyo: makinda yake hayana mdomo mwekundu wa wakubwa wao mpaka miezi kadhaa ipite.

Baada ya kuyapima hayo yote mtafiti huandika namba. Katika utaratibu unaofuatwa Ulaya, 3 ni ndege aliyeanguliwa mwaka huu, na 4 ni aliyeanguliwa kabla ya mwaka huu. Namba niipendayo mimi ni 2, ambayo maana yake ni kwamba ndege amekua lakini umri wake haukujulikana. Laiti wanafunzi wetu wangefunzwa heshima ya namba hiyo! Katika mitihani yetu, asiyejua hubahatisha, kwani kuacha nafasi wazi ni kupoteza alama. Katika elimu ya kweli, anayebahatisha huharibu kazi ya wote, na anayeandika 2 huilinda.

Turudi kwa yule aliyeguna: faida ya haya yote ni nini? Natoa mfano mmoja. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1969, mwaka ule ule kazi ya Ngulia ilipoanza, watu wa Uingereza walingoja ndege wao wenye koo jeupe, nao hawakuja. Kati ya kila wanne waliokuwapo mwaka uliotangulia, karibu watatu walikosekana. Vichaka vya Uingereza havikuwa vimekatwa ghafla katika miezi ile michache. Wachunguzi walipofuatilia walitambua kwamba mauti yaliwakuta ndege wale Afrika, katika ukanda wa Saheli kusini mwa Sahara, ambako ukame mkali ulikuwa umeanza. Ukame ule ule ulioua ng'ombe wa wafugaji wa Saheli uliziba midomo ya ndege katika mashamba ya Uingereza.

Hapo ndipo umri unapokuwa ushahidi. Ndege wa aina fulani wakipungua, washtakiwa ni wawili. Huenda kosa liko kwenye nchi wanakozaa: mayai hayaanguliwi au makinda hayakui. Huenda liko njiani na kwenye nchi wanakokaa wakati wa baridi: wakubwa wanakufa. Ukihesabu vichwa tu utajua wamepungua, lakini hutamjua mkosaji. Ukiwagawa kwa umri, mambo huanza kubainika. Mwaka ambao makinda ni haba kuliko kawaida, tazama kaskazini. Mwaka ambao makinda ni wengi lakini wakubwa waliowahi kupita wamepotea, jitazame wewe uliyewakaribisha. Bila shaka lazima mtu awe mwangalifu, maana makinda huenda wakanaswa kwa urahisi kuliko wazoefu. Ndiyo maana mwaka mmoja hausemi kitu. Husema miaka mingi iliyopimwa kwa njia moja, mahali pamoja. Hiyo ndiyo thamani ya Ngulia.

Nasi wa Ukambani ni miongoni mwa wanaoweza kushtakiwa. Vichaka vya nyikani ambamo ndege hawa hujificha na kula ndivyo vinavyogeuzwa makaa. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti, na ugomvi mkubwa ukazuka, kwa sababu wapo watu wanaolipa karo kwa gunia la makaa. Siwalaumu wazazi hao. Njaa haina subira. Lakini kichaka kikiisha, haondoki ndege peke yake. Kivuli, malisho ya mbuzi, nyuki na unyevu wa udongo huondoka naye. Ndege ndiye wa kwanza kutoa habari, na habari hizo hutolewa iwe tunasikiliza au hatusikilizi.

Kuna jambo jingine ambalo linawahusu vijana moja kwa moja. Vitabu vinavyotumika kusoma umri wa ndege viliandikwa hasa kwa ajili ya ndege wa kaskazini. Kile cha Msweden Lars Svensson kilitoka mara ya kwanza mwaka 1970, nacho kinahusu ndege wa Ulaya. Ndege wanaokuja kwetu kama wageni wamo humo. Wenyeji wetu hawamo: kwera anayesuka kiota juu ya mgunga, shore anayekula mapapai yetu, chozi anayefyonza maua ya mshubiri.

Wala haiwezekani kuichukua kanuni ya kaskazini na kuwavika wenyeji hawa. Ulaya ndege wengi wadogo huzaa majira ya kuchipua na kiangazi, kwa hiyo mwaka wa kalenda huwafaa. Kwetu ndege wengi huzaa kwa kufuata mvua, nazo huja mara mbili. Kinda akianguliwa Kitui katikati ya Desemba, siku ya Januari mosi kalenda humwita aliyezaliwa mwaka jana, naye labda ndiyo kwanza atoke kiotani! Kwa sababu hiyo, mwaka 2010 wataalamu watatu, Wolfe, Ryder na Pyle, walipendekeza utaratibu mwingine kwa ajili ya nchi za joto: ndege ahesabiwe kwa mizunguko ya kubadilisha manyoya badala ya miaka ya kalenda. Kwa maneno mengine, wataalamu wamefikia walikofika zamani wazee wetu, waliohesabu umri kwa matukio ya maisha yenyewe.

Basi kitabu cha kusoma umri wa wenyeji wa nyika yetu bado kinamsubiri mwandishi wake. Je, ataandikiwa tena na mgeni? Kitui ina Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya. Makueni ina shule na vyuo vyake. Makumbusho ya Kitaifa yako Nairobi, safari ya saa chache. Kijana aliyekulia akifukuza ndege mtamani anajua tabia zao kuliko mtaalamu aliyeshuka jana katika uwanja wa ndege. Kinachomkosesha ni mtu wa kumwambia kwamba ujuzi huo ni elimu.

Nasisitiza kwamba simhimizi mwanafunzi yeyote kutega ndege. Kumshika ndege na kumvisha pete ni kazi ya waliofundishwa na wenye kibali, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha. Lakini darasa lisilo na wavu lina mengi ya kufanya. Wanafunzi waweza kuandika tarehe ya mvua ya kwanza na tarehe ya kinda wa kwanza kuonekana nje ya kiota, mwaka baada ya mwaka, katika daftari la shule lisilohama na mwalimu anapohamishwa. Waweza kuokota unyoya ulioanguka na kuutafuta mstari wa njaa. Waweza kutofautisha kinda na mkubwa kwa rangi ya pembe za mdomo, ambazo kwa kinda huwa laini na mara nyingi za manjano. Na akiokotwa ndege aliyekufa mwenye pete, namba isomwe na kupelekwa makumbusho, pamoja na tarehe na mahali. Pete iliyogeuzwa mchezo wa watoto ni barua iliyochanwa kabla ya kusomwa.

Kwa walimu naongeza moja. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya Ubelgiji juu ya yule Acrocephalus palustris. Alikuta kwamba dume mmoja huiga, kwa wastani, sauti za aina 76 za ndege wengine, na kwamba zaidi ya nusu ya aina zote zilizotambuliwa katika nyimbo zao zilikuwa za Afrika. Tena ndege huyo hujifunza sauti hizo katika miezi ya mwanzo ya maisha yake tu. Baada ya hapo haongezi. Maana yake ni kwamba kinda apitaye juu ya Mutomo na Kibwezi mwezi wa Novemba ni mwanafunzi, na ndege wa Afrika ni walimu wake. Akifika Ulaya ataimba aliyojifunza kwao mpaka kufa kwake.

Sisi nasi tuna makinda wetu darasani, na muda wao wa kujifunza una mwisho. Ikiwa mtoto wa Ulaya aweza kusikia sauti ya nyika yetu akiwa kwao, itakuwa aibu mtoto wa Kitui asiitambue akiwa chini ya mti wenyewe. Mvua za vuli zikinyesha mwaka huu, mwalimu na awatoe nje wanafunzi wake asubuhi moja, wakiwa na daftari na kalamu. Watakayoyajua wayaandike, na wasiyoyajua waandike kwamba hawakuyajua.